Mkebe wa Biskuti Uliokaribia Kuuzwa kwa Kilo

Katika nyumba moja ya kupanga mtaani Kiganjo, Thika, juu ya kabati la vyombo, umekaa mkebe wa bati wa mraba wenye rangi nyeupe na samawati. Ubavuni umechorwa kinu cha upepo, mfereji wa maji, na mwanamke aliyevaa kofia yenye ncha mbili mfano wa mabawa ya ndege. Rangi imefifia pembezoni, na kona moja imebonyea. Biskuti zilizokuwemo zililiwa zamani sana, hata wazazi wa watoto wanaocheza sebuleni humo leo walikuwa hawajazaliwa.

Kiganjo ninayoitaja si ile ya Nyeri yenye chuo cha polisi. Hii ni ya Thika, mji wa viwanda uliowavuta watu wa kila kabila, wakiwemo jamaa zetu wachache wa Pwani waliopanda bara kutafuta riziki na wakasahau kurudi. Bibi mwenye mkebe ni mmoja wao. Alizaliwa Kibokoni, Mombasa, na Kiswahili chake hakikubadilika hata baada ya nusu karne ya baridi ya asubuhi na jirani wasiojua mahamri. Ameniruhusu kusimulia kisa chake kwa sharti kwamba nisilitaje jina lake wala la marehemu mumewe, nami nalitimiza sharti hilo.

Mkebe aliupata kwa babake, aliyekuwa karani wa mizigo bandarini Kilindini. Zama hizo meli za Kiholanzi za kampuni ya Holland-Afrika Lijn zilikuwa zikizunguka bara la Afrika na kutia nanga Mombasa, na mabaharia walikuwa na ada ya kuwaachia watu wa bandarini vijizawadi: sabuni, kalenda, na mikebe ya biskuti. Mwaka wenyewe Bibi haukumbuki. Anachokumbuka ni kwamba alikuwa mwari, na kwamba nduguze walizigawana biskuti kwa ugomvi huku yeye akiunyemelea mkebe. Alipoolewa na kuletwa Thika, aliutia ndani ya sanduku lake pamoja na leso, udi na nyuzi za kushonea kofia.

Kudura ilikuwa na mzaha wake, kwani mume aliyemuoa aliajiriwa katika kiwanda cha kutengeneza mikebe. Thika ni mji wa mikebe kuliko watu wengi wanavyofahamu. Mananasi yaliyopandwa kando yake yalisindikwa na Kenya Canners, ambayo Del Monte iliingia kuiendesha katika miaka ya 1960, na nanasi haliwezi kusafiri mpaka Ulaya bila kopo. Ndiyo maana kampuni ya Metal Box nayo ikawa na kiwanda mjini humo. Marehemu, Mola amrehemu, alikuwa kila akikaa na chai huupindua mkebe wa mkewe, akautazama mshono wake wa ubavuni na ukingo wa kifuniko, kisha husema kwamba waliouunda walikuwa mafundi. Picha hakuzijali. Bibi alizijali picha. Ndoa nyingi huendeshwa hivyo, mmoja akitazama mshono na mwingine akitazama ua.

Sasa tuulize: mikebe hii ilikuja vipi kuwa na picha? Hapo mwanzo biskuti za kiwandani ziliuzwa katika mikebe ya bati tupu iliyobandikwa karatasi. Mnamo mwaka 1868 kampuni ya Huntley & Palmers ya Uingereza ilitoa mkebe wa biskuti uliopambwa juu ya bati lenyewe, na mchoro wake ulibuniwa na Owen Jones. Jina hilo linastahili kusimamiwa kidogo. Owen Jones ndiye yule msanifu aliyekwenda Granada, Andalusi, mwaka 1834, akakaa akipima na kuchora kuta za kasri la Alhambra, nukta kwa nukta na nyota kwa nyota. Mwenzake wa safari, Jules Goury, alifia huko kwa kipindupindu. Jones alirudi kwao na michoro hiyo, akaitolea kitabu, na maisha yake yote akawa akiwafundisha Waingereza namna Waislamu wa Andalusi walivyoipanga rangi na kulirudia umbo. Kwa hiyo miongoni mwa mikono ya kwanza kuupamba mkebe wa biskuti ulikuwemo mkono uliosomea mapambo katika kasri la Waislamu. Sisemi kwamba kinu cha upepo cha Kiganjo kimetoka Alhambra. Nasema tu kwamba mambo yana nasaba, na si vibaya kuijua.

Miaka michache baadaye, mwaka 1875, Mwingereza Robert Barclay aligundua njia ya kuchapa rangi juu ya bati kwa kupitishia mchoro kwanza kwenye silinda, kisha silinda ikaubandika kwenye bati. Tangu hapo mkebe wenye picha nne za rangi ukawa kitu cha bei nafuu, na nchi zilizopenda biskuti zikaupokea kwa mikono miwili. Uholanzi ilikuwa mojawapo. Kaskazini ya Amsterdam kuna bonde la mto Zaan, lililokuwa na mamia ya vinu vya upepo vya kusaga, kukamua mafuta na kupasua mbao. Hapo, katika mji wa Zaandam, Ericus Verkade alianzisha kiwanda chake mwaka 1886, akianza na mkate na mikate mikavu na kuendelea hadi biskuti. Jirani yake, Krommenie, palikuwa na viwanda vya kutengeneza mikebe yenyewe. Kinu cha upepo kilichochorwa kwenye mikebe ya Kiholanzi, basi, hakikuwa njozi ya mchoraji. Kilikuwa mandhari ya dirishani.

Waliojaza mikebe hiyo walikuwa wanawake. Kiwanda cha Verkade kiliwaajiri wasichana kwa wingi kiasi kwamba jina la «wasichana wa Verkade» likajulikana nchi nzima. Kiwanda hicho pia, mwanzoni mwa karne ya 20, kilitia picha ndogo za ndege, maua na wadudu ndani ya bidhaa zake, watoto wakazikusanya na kuzibandika katika vitabu maalumu vilivyoandikwa na mwalimu mmoja mpenda viumbe, Jac. P. Thijsse. Mzazi akinunua biskuti, mtoto akajifunza majina ya ndege. Ni biashara, lakini ni biashara yenye adabu.

Yaliyokuwemo ndani ya mikebe yanatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Biskuti mashuhuri ya Waholanzi, speculaas, inayoliwa hasa mwanzoni mwa mwezi wa Disemba, hutiwa mdalasini, karafuu, kungumanga, tangawizi na iliki. Hakuna hata kimoja cha viungo hivyo kinachoota Uholanzi. Karafuu na kungumanga zilitoka visiwa vya Maluku, huko Indonesia ya leo, na kampuni ya Kiholanzi ya VOC ilizihodhi kwa upanga: mwaka 1621 jeshi la Jan Pieterszoon Coen liliwaua na kuwahamisha wenyeji wa visiwa vya Banda ili kungumanga iwe ya mnunuzi mmoja, na mikarafuu iliyoota nje ya maeneo yaliyoruhusiwa ilikatwa. Hodhi hilo la karafuu lilivunjika pale Mfaransa Pierre Poivre alipofanikiwa kuitorosha miche mpaka Mauritius mwaka 1770. Kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa, mapema katika karne ya 19, mkarafuu ukaingia Unguja, na chini ya Sayyid Said ukatanda Unguja na Pemba, nao ukalimwa kwa jasho la watumwa. Anayeinusa biskuti ya Kiholanzi na kusema «hii inanukia kama jikoni kwetu» hajakosea; ila harufu hiyo ina historia nzito kuliko uzito wa biskuti.

Nyingine ni stroopwafel, ya mji wa Gouda: vipande viwili vyembamba vilivyookwa na kushikamanishwa kwa shira nzito. Waholanzi huiweka juu ya kikombe cha chai ya moto ili mvuke uilainishe. Mwenye kuzoea kaimati hahitaji maelezo zaidi.

Hata rangi ya mkebe wa Bibi ina udugu nasi. Samawati juu ya nyeupe ni mtindo wa mji wa Delft, na mafinyanzi wa Delft waliuiga kutoka vyombo vya Kichina, hasa katika karne ya 17 pale vita vya kuanguka kwa ufalme wa Ming vilipoikata biashara ya kaure. Vyombo vya Kichina vya aina hiyo ndivyo walivyoviweka wazee wetu wa Lamu ndani ya zidaka, na ndivyo vilivyopachikwa kwenye kaburi la nguzo la Mambrui. Wao Wakichina walituletea sahani zenyewe. Waholanzi waliziiga kwa udongo, kisha kwa bati. Bibi hakuwahi kuambiwa haya, lakini siku aliponionyesha mkebe alisema, «Mwanangu, ulinikumbusha sahani za nyanya yangu, ndiyo maana niliupenda.»

Hapa niweke sawa jambo moja. Ule mkebe wa mviringo wa rangi ya buluu iliyokoza, unaoonekana katika nyumba nyingi za Mombasa, Zanzibar na Maskati, si wa Uholanzi. Huo ni wa Denmark, wa biskuti za siagi za Royal Dansk, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1966. Ndio ule uliowahuzunisha watoto wengi: unafungua kifuniko kwa hamu ya biskuti, unakuta sindano, vifungo na mita ya kushonea. Mikebe ya Kiholanzi ni adimu zaidi kwetu, na mingine huja Thika kwa njia mpya. Kando ya mji huo yapo mashamba ya maua, na maua ya Kenya mengi hupelekwa Uholanzi, kwenye mnada wa Aalsmeer. Binti wa Bibi hufunga mashada ya waridi katika shamba mojawapo, na mwisho wa mwaka mmoja alirudi nyumbani na mkebe mdogo wa stroopwafel, zawadi ya mgeni aliyekuja kununua. Umewekwa sambamba na ule wa zamani. Wa zamani ulikuja kwa meli, wa sasa kwa ndege, na yote miwili kwa sababu mtu wa nyumba hiyo alikuwa akiwahudumia Waholanzi kwa mikono yake.

Nije sasa kwenye kisa kilichonifanya nipande matatu kutoka Mombasa.

Miaka michache iliyopita mume wa Bibi alifariki dunia. Bibi akaingia eda, akakaa ndani. Katika wiki ya tatu jamaa walikuja kumsaidia usafi, wakatoa uani vitu vilivyochoka: masufuria yaliyotoboka, debe la maji lililooza kitako, spoku za baiskeli. Akapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake na mizani ya kuning'iniza. Mjukuu wa kike, msichana wa miaka kumi na mitatu, mwenye bidii na asiye na kosa lolote, akaona mkebe wenye kutu juu ya kabati, akautia katika lundo. Vyote vikapimwa pamoja, shilingi 180.

Baada ya sala ya Alasiri Bibi alitaka sindano.

«Mjukuu wangu, mkebe wangu u wapi?»

«Ule wenye kutu, Bibi? Nimempa mtu wa vyuma.»

Bibi anasema alihisi miguu imekufa ganzi. Hakulia kwa ajili ya picha ya kinu. Chini ya nyuzi na sindano, chini ya kofia ya mkono ambayo marehemu aliiacha haijamalizika kushonwa, palikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa karatasi zote za nyumba ile: cheti cha hisa katika kampuni ya kununua ardhi, risiti kumi na moja za malipo, kikaratasi cha nambari ya kura ya kiwanja upande wa Ruiru, na daftari dogo la madeni. Wakazi wengi wa Thika na Ruiru walipata viwanja kwa njia hiyo: watu huchanga, kampuni hununua shamba kubwa, kisha wenye hisa hupiga kura kila mmoja ajue kipande chake. Hatimiliki huja baadaye, na neno hilo «baadaye» huweza kuwa miaka thelathini. Katika muda wote huo mwenye hisa hana kitu mkononi ila karatasi.

Yeye mwenyewe hakutaka kutoka, kwa ajili ya eda. Akamtuma mjukuu pamoja na mjombake. Walikwenda yadi moja, hawakuukuta. Wakaenda ya pili. Mwenye mkokoteni alikuwa ameuweka kando, juu ya kiti chake, kwa kuwa picha ilimpendeza na alidhamiria kumpelekea mkewe. Hakuwa ameufungua, alidhani umejaa misumari. Alipoelezwa alirudishiwa thamani ya uzito wake tu na kuomba radhi kwa kona iliyobonyea alipoutupa mkokoteni. Nimeombwa na Bibi nimtaje kwa wema, ingawa jina lake hatulijui.

Eda ilipokwisha, Bibi alikwenda ofisi ya kampuni. Akaambiwa na karani kwamba jina la mumewe halimo katika daftari la wanachama. Hakujibizana naye. Alifungua mkebe juu ya meza yao, akatoa risiti moja moja, akazipanga kwa tarehe. Ilimbidi aende mara tatu, na mara ya tatu alifuatana na imamu na mwanawe mkubwa, lakini jina likaonekana. Deni mbili zilizoandikwa katika daftari dogo zililipwa kwanza, mmoja wa wadai akiwa hajui kama kuna anayezikumbuka. Kisha mirathi ikapigwa hesabu: yeye thumuni yake, na kilichobaki kwa watoto, mwanamume na mwanamke kwa fungu lake. Hatimiliki bado haijatoka.

Kwa akina mama watakaosoma haya na kuinua macho kutazama juu ya kabati zao, nieleze kidogo yale ninayoyafahamu. Mkebe wa zamani usiusugue. Picha iliyo juu ya bati ni wino mwembamba na vanishi, na msasa wa waya, majivu au mchanga huing'oa kwa dakika moja, kisha kutu huingia pale pale. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Pakiwa na uchafu mgumu, kitambaa chenye unyevu kidogo na kukausha papo hapo. Kwetu Pwani chumvi ya hewa hula bati upesi kuliko Thika, iliyo juu kiasi cha mita 1,500, kwa hiyo mkebe wa Mombasa usikae dirishani wala sakafuni.

Ukitaka kujua umri wake, pindua kitako na utazame ukingo wa chini wa kifuniko. Mara nyingi jina la kiwanda limechapwa hapo kwa herufi ndogo mno. Ikiwa kuna ile alama ya mistari ya kusomwa na mashine dukani, basi mkebe si wa kabla ya miaka ya 1970, hata kama picha yake ni ya mavazi ya kale. Viwanda hupenda kuchapa mambo ya kale juu ya mikebe mipya. Wako watu Ulaya wanaoikusanya mikebe hii, na wanaitafuta zaidi ile mikubwa ya dukani, ambayo muuza duka alipimia biskuti humo kabla hazijaanza kuuzwa kwa pakiti. Ila asikudanganye mtu kwamba umekalia dhahabu. Mingi ya kawaida huuzwa kwa euro chache, na uliobonyea huuzwa kwa chini ya hapo.

Karatasi nazo hazifai kugusana na bati lenye kutu, kwani kutu hupenya na kula maandishi. Zitiwe bahasha, na bahasha itiwe kitambaa. Nakala zitolewe, moja ikae kwa ndugu wa nyumba nyingine, na angalau watu wawili wajue kilichomo. Katika nyumba ya Kiganjo alikuwa akijua mtu mmoja tu, na hapo ndipo hatari ilipokuwa, si kwa msichana aliyesafisha.

Msichana huyo sasa anakaribia kumaliza sekondari. Ndiye aliyenitolea mkebe, ndiye aliyenisomea kwa simu yake tafsiri ya maneno mawili ya Kiholanzi yaliyochapwa kitakoni: «droog bewaren», yaani, hifadhi pakavu. Nilimuuliza Bibi kama angeuuza, akitokea mkusanyaji wa Ulaya na bei nzuri. Alicheka, akaniuliza nitatia wapi sindano zake. Kisha akaitoa ile kofia ya marehemu, akaitazama ilipofikia. Imebaki safu mbili za viua. Amesema ataimaliza kabla ya Ramadhani, inshallah, na itakuwa ya mwanawe mdogo.